Cherehani ya Jirani

Cherehani yetu ilikufa shule zikiwa karibu kufunguliwa, sare za watoto wa watu zimekatwa tu, hazijashonwa. Fundi wa mjini Karatu aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Nikasikia kuna shirika linawapa mafundi wadogo mashine, nikaomba. Walipokubali kuja kutuona, mimi nilishaota hadi kibao cha biashara mlangoni.

Siku yenyewe nilirudi kuteka maji nikakuta chumba chetu cha kazi sikitambui. Jirani mwenye duka la vitambaa alikuwa amempa Mama majora ya vitenge ayapange ukutani, na cherehani ya binti yake, ya kuazima kwa asubuhi hiyo tu. Yetu mbovu ilikuwa chini ya meza, imefunikwa shuka.

"Mama, watu wanakuja kuona shida."

"Mgeni haonyeshwi shida, mwanangu."

"Na akikuta utajiri?"

Jirani akacheka. "Utajiri gani, na kandambili zako kila moja na rangi yake?"

Alikuja dada mmoja wa shirika na dereva wake. Dada akanywa chai, akapapasa vitenge, akaitazama ile cherehani inayong'aa.

"Hongera, mama, umeshasimama," akasema. "Kule kijijini Nainokanoka wapo wanaoshona kwa mkono. Itabidi tuanze na hao."

Akachukua mkoba. Dereva alishatoka kuwasha gari. Mama akaniambia kwa Kiiraqw ninyamaze, na hata mdomo sijafungua.

"Dada, kaa kwanza," Mama akasema, sauti ndogo. Akainama, akavuta shuka, akaiburuta cherehani yetu hadi katikati ya chumba. "Yangu ni hii. Hiyo nyingine nimeazima kwa huyu jirani. Na vitambaa ni vyake."

"Hata vikombe," jirani akasema. "Ila chai ni yake."

Dada hakucheka. Alichuchumaa, akajaribu kuzungusha gurudumu, limekwama. "Sasa mbona ulificha, mama?"

"Wewe ni mgeni."

Dada akasimama. "Siahidi kitu. Nitaongea na wenzangu, tukikubaliana tutarudi wiki hii."

Dada alipoondoka na jirani kubeba vitu vyake, chumba kikawa kikubwa. Tukachukua sindano za mkono, tukaanza na kola za mashati. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, Mama aliacha sindano imechoma kitambaa, akasikiliza.