Mifuko ya Chandarua

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, majirani zangu hapa Lindi walilalamika kama waliofiwa. Mimi nilifurahi. Nina maringo ya usafi, watu wananisema na sikatai. Ila ile mifuko mbadala tuliyoletewa haikunipendeza. Ukiifua mara mbili inachanika, usipoifua inanuka dagaa, na mchicha ukitiwa humo asubuhi unafika nyumbani umeshalegea.

Basi nikajishonea yangu. Nyumba yangu ilikuwa imegawiwa vyandarua viwili vya dawa, kimoja cha kitanda changu, kingine cha chumba cha binti yangu, ambaye alikuwa ameolewa Mtama na chumba kimebaki kitupu. Hicho cha pili hakikuwa kimefunguliwa hata siku moja. Nilikikata kwa mkasi mchana kweupe, akili zangu timamu, nikashona mifuko kumi na miwili ya tabaka mbilimbili, kila mmoja na kamba ya kukaza mdomoni.

Sikutaka dawa iingie kwenye chakula, kwa hiyo niliifua kwanza. Niliiloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikaisugua, nikaianika juani, nikarudia siku ya pili na ya tatu mpaka harufu ikaisha kabisa. Baada ya hapo, kila nikirudi sokoni ilikuwa ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nageuza mifuko ndani nje, natoa mchanga wa mchicha kwenye mishono, ule wa dagaa nausuuza kwa maji ya ndimu. Wauza nyanya wa kutoka Milola walinijua. "Bibi Mifuko kaja," walikuwa wakisema, nami kichwa kinavimba.

Binti akapata mimba, ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mtu hurudi kujifungulia kwa mama yake, na tulikubaliana aje mimba ikiingia mwezi wa nane. Nikajiambia nitanunua chandarua kingine kabla hajafika. Lakini mumewe alisafiri kwenda vijijini kununua ufuta, na yeye akaja na mimba ya miezi sita. Aliteremka na begi lake, akasema "Shikamoo mama," nikaitikia "Marahaba mwanangu," na papo hapo nikakumbuka kitanda.

Nilimtundikia chandarua changu cha zamani. Matobo niliyaziba kwa uzi, yale niliyoyaona. Mimi nikawa najifunika shuka gubigubi. Duka la vyandarua lilikuwa kona ya pili tu, na pesa nilikuwa nayo. Nilikuwa nasubiri nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mwenye duka ni jirani yangu, naye angeuliza, "Si mligawiwa nyie?" Niliona aibu. Nikasema kesho, na kesho nikasema tena kesho.

Wiki ya tatu nilirudi kutoka sokoni saa sita mchana nikamkuta amelala mkekani, amejifunika kanga mbili katika joto lile, meno yanagongana. Hospitali walimpima, wakasema malaria, tena kali. Muuguzi akamuuliza kama nyumbani analala ndani ya chandarua.

"Nalala, dada," akajibu. "Mama alinipa chake."

Nilikuwa nimesimama pale pale pembeni ya kitanda. Nikainama kumfunika kanga vizuri.

Siku ya pili mtoto alitoka hana pumzi. Wa kike. Alikuwa na kucha tayari.

Daktari alinieleza kwamba hakuna awezaye kujua mbu alimuuma wapi, huenda malaria alikuja nayo kutoka Mtama. Huenda. Najaribu kuliamini neno hilo kila siku, nashindwa. Na kila aliyekuja kutoa pole alisema ni mipango ya Mungu, nami niliitikia, "Ni kweli, tumshukuru." Naogopa kwamba nilimsingizia Mungu.

Binti alikaa kwangu mpaka arobaini yake ikaisha. Alipopata nguvu alianza kwenda sokoni badala yangu, na mifuko ile ile. Mimi sikuweza tena kuigusa. Yeye aliifua kama nilivyokuwa nikiifua, akitoa mchanga kwenye mishono kwa ncha ya kidole, na mimi nikikaa ndani nikisikia maji yanamwagika uani. Kila siku nilisema nitamwambia. Nilimtazama alivyokonda, nikawa nasema akishapata nafuu.

Siku ya kuondoka aliianua kambani, akaketi mlangoni kuikunja.

"Mama, kitambaa hiki ulikipata wapi?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu.

"Nilinunua dukani," nikasema.

"Dawa kabisa, haichakai. Nipe minne nimpelekee mama mkwe. Yule, mifuko yake inanuka mpaka aibu."

"Chukua yote," nikamwambia.

Akaitia kwenye begi juu ya nguo zake, akafunga zipu, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anajaribu kutabasamu kwa ajili yangu.

"Mungu akinijalia mwingine, mama, nitakuja kwako tena," akasema. "Hakuna aliyenitunza kama wewe."