Bafu la Nakiru

Nakiru alivunjika nyonga akichota maji. Alikuwa ameteremka ndani ya kisima cha mchangani, mojawapo ya vile ambavyo wanawake huchimba katikati ya laga, ule mto wa msimu, maji yakikauka, na wakati akimpokeza mwenzake karai, ukingo aliokanyaga ukamomoka. Hakuanguka mbali. Lakini alipotaka kuinuka, mguu wa kulia ulikataa.

Alipelekwa Lodwar, akafanyiwa upasuaji, na alipotoka hospitalini akakaa kwa mwanawe Erupe, mtaa wa Nawoitorong. Erupe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hutengeneza milango, madirisha na vitanda, na mkewe ni mwalimu kule Lokitaung, huja nyumbani shule zikifungwa. Kwa hiyo aliyekuwa akimwogesha Nakiru ni jirani mmoja, mwanamke mwema mwenye mikono ya haraka, ambaye mara nyingi alimsugua mgongo huku ameibana simu kati ya sikio na bega.

Nakiru hakulalamika. Alifumba macho mpaka ikaisha. Huyu ni mwanamke aliyezika mume, akalea watoto wawili nyuma ya mbuzi, akahama na nyumba yake juu ya punda mara ambazo hata yeye hazikumbuki. Tangu apate akili hakuwahi kuogeshwa na mtu.

Mguu ulipoanza kubeba uzito kidogo, akawa anatembea kwa fimbo mbili, alimwita Erupe jioni moja.

"Nirudishe kwa Akal," alisema.

Akal ni binti yake, dada mkubwa wa Erupe. Ndiye aliyebaki na mbuzi, na msimu ule alikuwa amepiga kambi kando ya laga moja ng'ambo ya Kakuma, upande wa Kalobeyei.

"Mama, daktari alisema upumzike."

"Nimepumzika. Sasa nataka kupumzika nikiwaona mbuzi wangu."

Erupe alimjua mama yake. Alimwachia mwenzake Lokiru karakana, akaazima hema kwa rafiki, na asubuhi moja wakaondoka kwa pikapu, Nakiru akiwa kiti cha mbele amekaza shanga zake shingoni kama mtu anayekwenda harusini.

Kambini alipokewa kwa nyimbo. Mbuzi walipita mbele yake mmoja mmoja, naye akawataja kwa rangi zao, akauliza yuko wapi yule wa masikio meupe. Alikula vizuri, akalala vizuri. Shida ilianza lilipokuja suala la kuoga.

Akal alitaka kumwogesha ndani ya kibanda, kwa kitambaa na bakuli. Mara ya kwanza Nakiru alikubali. Mara ya pili alisema hana jasho. Mara ya tatu alisema maji ni ya mbuzi, yasimwagwe ovyo. Akal, ambaye alikuwa na mifugo ya kunywesha tangu alfajiri, alimwacha.

Kisha ikatokea asubuhi ile. Erupe alitoka hemani akakuta mama yake hayupo mahali pake. Akafuata alama za fimbo mbili mchangani, na kwa mbali akamwona amefika kwenye vichaka vya mathenge, chupa ya maji pembeni, anajaribu kujikalisha chini. Zamani upande ule haukuwa na mtu. Siku hizi bodaboda za Kalobeyei zimejifungulia njia ya mkato papo hapo. Pikipiki ilikuja na abiria wawili, ikapunguza mwendo kwenye mchanga mzito, na wale abiria wakageuza shingo kumwangalia bibi kizee aliyekuwa amekwisha kufungua nguo begani.

Nakiru alijifunika kichwa kwa shuka, akakaa hivyo hivyo mpaka vumbi likatulia. Erupe hakujua afanye nini. Akienda, mama atajua kwamba na yeye ameona. Akageuka, akarudi kimya kimya, akamtuma Akal.

Siku ile nzima Nakiru hakusema neno. Alipoletewa chai aliiacha ikapoa. Erupe alikaa mbele ya hema akachora chora mchangani kwa kijiti, na kufikia mchana alikuwa amechora kitu.

Alikwenda Kakuma kwa miguu, akarudi kwa pikipiki na mtungi wa plastiki, turubai la buluu, kiti cha plastiki, koki, kipande cha mpira wa maji na kamba. Kesho yake alfajiri akakata miti minne ya mathenge, miiba ikamchana mikono mpaka viwiko. Akaisimika kwa mraba, akafunga turubai kuzunguka, akabandika boriti juu na kuuning'iniza mtungi. Chini ya mpira alifunga kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari, matundu mengi madogo. Koki aliifungia kamba mbili zilizoshuka hadi usawa wa mkono wa mtu aliyeketi: ukivuta hii maji yanatoka, ukivuta ile yanafunga. Chini ya kiti akatandika mawe bapa ya laga ili miguu ya kiti isizame.

Nakiru alimtazama kutwa nzima akiwa chini ya mti wa mswaki. Hakuuliza, wala hakuulizwa.

Alasiri Erupe alimwambia, "Mama, bafu lako tayari. Humo ndani hamna mtu ila wewe."

Nakiru alikitikisa kiti kwa fimbo, akaketi, akaamuru pazia lishushwe. Akavuta kamba.

Ukelele uliotoka humo uliwashtua mbuzi.

"Erupe! Mimi ni kuku? Unataka kuninyonyoa?"

Mtungi ulikuwa umeshinda juani, na jua la Turkana halina mzaha. Erupe aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Lakini Akal aliyekuwa karibu alimwona mama yao akitoka na kidevu kimeinuka kidogo, na maneno yale ya kuku yalikuwa ya kwanza kumtoka tangu jana.

Wakakubaliana aoge asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu. Nakiru akatoa sharti moja.

"Wewe utakaa pale kwenye jiwe, umenipa mgongo. Na uongee. Nikisikia sauti yako inatoka kulekule, nitajua hujageuka."

"Niongee nini?"

"Unavyotengeneza milango. Mimi sijawahi kuelewa."

Basi asubuhi iliyofuata Erupe alikaa juu ya jiwe akiitazama laga, akieleza jinsi chuma kinavyopimwa na kukatwa, jinsi moto unavyounganisha, jinsi bawaba zinavyowekwa ili mlango usilie. Nyuma yake alisikia maji yakidondoka juu ya mawe, yakikoma, yakidondoka tena. Alisikia mama yake akipumua kwa raha. Alikuwa amefikia kwenye rangi wakati upepo ulipokuja.

Upepo wa kule hauanzi polepole. Ulishuka na laga, ukaingia chini ya turubai, ukalivimbisha. Mti mmoja ukang'oka, kisha wa pili. Turubai likaruka juu, likapiga piga hewani, likaenda zake kwenye miiba.

"Usigeuke!" Nakiru alipiga kelele.

Erupe hakugeuka. Alisimama, akavua shuka lake, akaanza kurudi kinyumenyume akilishikilia nyuma yake, akiuliza, "Nije huku? Huku?" Akajikwaa kwenye kamba, akajipinda asije akaona, akaanguka kifudifudi, na akabaki vivyo hivyo, uso mchangani, mkono umeinua shuka juu.

Ilitokea bahati kwamba Istahil alikuwa kambini. Istahil ni Msomali, ana duka Kakuma, na alikuwa amekuja kwa Akal kununua mbuzi kama ilivyo kawaida yake. Alipoona yaliyotokea hakungoja kuitwa. Alikimbia, akavuta mtandio wake mkubwa kutoka mabegani, akamzungushia Nakiru mwili mzima, akasimama upande wa njia ya bodaboda kumkinga.

"Usiogope mama," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi mwanamke kama wewe. Hakuna mtu ameona. Huyu kijana amekula mchanga tu."

Nakiru alichungulia juu ya bega la Istahil, akamwona mwanawe amelala kifudifudi, mkono hewani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nyonga. Istahil naye akacheka, na Akal aliyefika akitweta, na mwishowe hata Erupe, ingawa bado alikuwa hajui kama anaruhusiwa kuinua uso.

Alipokwisha kuvaa, Nakiru aliketi kivulini, akamwita mwanawe.

"Umewahi kuona nyumba yangu ikichukuliwa na upepo?"

"Hapana, mama."

"Nilijenga nyumba kabla hujazaliwa. Wewe umenijengea choo cha shule."

Erupe aliangalia chini. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira. Na tena, hukuniuliza."

Alisema bila ukali. Kisha akaomba asogezwe kiti mpaka pale miti ilipokuwa imeanguka.

Kazi ile aliisimamia mwenyewe. Akal alikata fito za mswaki, mbichi, zinazopinda bila kuvunjika. Nakiru akaonyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba: mviringo, si mraba, na mlango ukiupa upepo mgongo. Istahil hakuondoka. Alisema kwao, kabla ya vita kuwaleta Kakuma, mama yake alikuwa akijenga namna hiyohiyo, fito za kupinda na mikeka juu, ngamia wakiwa wanangoja. Akavua viatu, akakunja mikono ya nguo, akaanza kupinda. Pale ambapo mikono yao ilitofautiana walibishana.

"Kwetu fundo linakaa ndani."

"Ndani linaoza. Weka nje."

"Nje linashika nguo, mama."

Nakiru alifikiri, akakubali ndani. Kisha akadai fito ziletwe mapajani mwake, kwa kuwa mafundo yao yalikuwa yamelegea, akaketi akifunga, vidole vikienda vyenyewe. Walifunika kwa makuti ya mkoma na vipande vya mikeka, wakaacha nafasi chini upepo upite ukitaka. Erupe alipewa kazi ya mtungi tu. Akauweka sehemu yenye kivuli, akaibana boriti yake kwenye mti hai, akajaribu kamba mara kadhaa ili asiitwe tena mnyonyoaji wa kuku.

Asubuhi upepo ulipokuja, Nakiru alikuwa ndani. Mikeka ilinong'ona, fito zikayumba, zikarudi mahali pake. Erupe kwenye jiwe lake alikatiza maelezo ya kufuli.

"Mama? Kumekaaje?"

"Endelea na kufuli."

Baada ya hapo Nakiru hakutaka tena kuongeleshwa akioga. Alimwambia Erupe aende akamsaidie Akal kunywesha, yeye ataita akimaliza. Na mara nyingine hakuita kabisa. Alitoka mwenyewe, polepole, fimbo mbili, ngozi yake iking'aa kwa mafuta, akaketi kivulini kungoja nywele zikauke.

Suala la maji Erupe alilichukua juu yake. Alfajiri alikwenda na punda bombani, akarudi na mitungi, ili mama yake asiseme tena kwamba anawanyima mbuzi. Haikupita muda wanawake wa vibanda vya jirani wakaanza kuja, kila mmoja na maji yake. Mmoja alikuwa amejifungua karibuni. Walisimama nje wakimwomba Nakiru ruhusa, naye aliitoa kama mwenye nyumba, akiwaonya wasivute kamba kwa nguvu. Istahil, kila alipokuja kununua mbuzi, alitawadha humo kabla ya kuswali, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Alileta sabuni, alileta majani ya chai, siku moja alileta ubani akafukiza ndani, na Nakiru alikaa siku nzima akijinusa mikono.

"Huyu Msomali wako ni mzuri," alimwambia Akal.

"Ni wako sasa," Akal alijibu. "Mimi hunipa bei tu."

Lokiru alipiga simu kutoka Lodwar. Kazi zilikuwa zimejaa, mteja wa geti amechoka kungoja. Erupe alizunguka na jambo hilo siku nzima, mwisho akamwambia mama yake kwamba angependa warudi wote wawili.

Nakiru alikuwa akikata ukucha. Hakuinua macho.

"Kwako ni pazuri," alisema. "Yule jirani ni mtu mwema, umpe salamu. Lakini mimi nabaki."

"Na mguu?"

"Mguu nitaubeba mimi."

Pikapu ilikuja asubuhi. Erupe alikunja hema, akaaga kambi nzima, akamtafuta mama yake amuage wa mwisho. Alikuwa bafuni. Dereva alipiga honi.

"Mwambie angoje!" sauti ilitoka ndani ya mikeka. "Mtu haagwi na sabuni machoni."

Wakangoja. Dereva alizima injini, akashuka, akachuchumaa kivulini mwa gari. Maji yalisikika, yakakoma, yakasikika tena bila haraka yoyote. Kisha pazia likafunguka, na Nakiru akatoka amevaa shanga zake zote, akavuka ule mchanga peke yake mpaka kwenye pikapu. Akal alitaka kumshika mkono. Akamkatalia kwa kichwa. Alipofika alimtemea mwanawe mate ya baraka kifuani, akamwambia amsalimie mkewe, na amwambie shule zikifunga aje huku, mahali pa kuoga papo.

Gari lilipoingia njia kuu ya Kakuma, Erupe alitazama nyuma. Mama yake alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa akimwelekeza Akal kwa fimbo wapi pa kuufunga mkeka mmoja uliolegea.