Pipa Lililonguruma

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, na mama mkwe akaja Shinyanga mjini kutoka Mhunze kunikanda kwa maji ya moto. Nyuma ya nyumba tulikuwa na kitu nilichokionea fahari kuliko redio: pipa la chuma lililolazwa juu ya matofali, kuni chini, koki mbele, na juu yake bomba fupi la kutolea mvuke. Kila asubuhi mama mkwe alikaa kwenye kigoda mbele yake, akichochea.

Pipa lilikuwa limeanza visa. Maji yalitoka na rangi ya kutu, majivu tuliyakuta yamelowa, na kuni za zamani hazikutosha tena.

“Pipa hili limechoka, mayu,” aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma.

Nikamjibu kwa jeuri kwamba chuma hakichoki. Nilikuwa mwalimu, najua kila kitu. Tena lile bomba la mvuke lilinikera: maji ya kubeba kwa ndoo, halafu yapotelee hewani! Nikalifunga gunzi kwa kitambaa, nikalipigilia humo kwa nyundo. Mama mkwe aliniona, akaendelea kupanga kuni.

Kesho yake pipa likanguruma. Nikafurahi, nikidhani moto umekolea. Wakati huohuo jirani yetu akaja kumwona mtoto, mzee aliyechochea boila la kiwanda cha pamba mpaka akastaafu.

“Shikamoo, baba.”

Hakuitikia. Nikaudhika, mtu mzima gani huyu? Kumbe alikuwa anasikiliza.

“Mayu,” akamwambia mama mkwe polepole, “inuka. Usiguse kitu. Njoo huku.”

Alizivuta kuni kwa jembe akiwa amesimama ubavuni, akazifukia kwa mchanga, akatupeleka nyuma ya ukuta. Tulingoja mpaka ngurumo ikapungua. Ndipo akalichokoa gunzi kwa mti mrefu. Likaruka juu ya paa, mvuke ukalifuata ukipiga mluzi, mweupe, mrefu, hauishi. Nilimkumbatia mwanangu. Maji haya haya ya kuogea! Sikuwahi kuogopa kitu nikakistaajabia kiasi kile.

Lilipopoa, mzee aliligongagonga kwa kijiko toka mwanzo mpaka mwisho. Mahali pamoja mlio ukabadilika. Akapabonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama ndani. Chokaa ilikuwa imeganda humo nene kama ukoko, na chuma kimeliwa kikabaki chembamba kama ganda la yai.

“Koki ikivuja, unabadilisha mpira,” alisema. “Chuma kikifika hapa hakizibwi. Tafuteni pipa jingine.”

Tundu lile lilielekea kigodani. Niliona, na mama mkwe aliona.

“Nani aliziba bomba?”

“Mimi,” akasema mama mkwe, kabla sijafumbua mdomo.

Mzee alimgombeza kama mtoto mdogo, naye akainamisha kichwa na kuitikia kila neno. Mimi mwalimu nikanyamaza kimya.

Jirani alipoondoka, mama mkwe alibandika sufuria kwenye mafiga. Maji yalipopata moto alichovya kitambaa, akaanza kunikanda mgongo kama siku zote. Nikaanza kulia, nikisema anisamehe.

“Ungegombezwa wewe, maziwa yangekauka,” alisema. “Haya, inua mkono.”