Pélagie na Wajapani wa Mumewe

Pélagie hakuwa mwanamke wa wivu, na ungemuuliza angekuapia hivyo mbele ya mchungaji. Yeye na Bonheur walikuwa wamepitia mengi: kambi ya wakimbizi ya Uganda, majira yao ya kwanza ya baridi Uswidi, miaka ile ambayo mume aliendesha basi usiku na mke akawaogesha wazee wa watu kule Farsta mchana, wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Katika yote hayo hakumshuku hata siku moja. Waliokuja kumwasha roho ni Wajapani.

Waliingia nyumbani kwao Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, kupitia masikio ya Bonheur. Alianza kuvaa hedifoni akiosha vyombo, kisha akila, kisha hata akiongeleshwa. Ungemwita mara tatu ndipo ageuke, na uso wake ungekuwa wa mtu aliyekatizwa jambo la maana. Zamani, huko Goma, Bonheur alikuwa mpiga gita, na ni kwa gita hilo alimpata Pélagie. Vita vilipomchukua mdogo wake Israël, aliyekuwa akipiga naye, aliweka gita chini akasema basi. Kwaya ya kanisa ilimwomba, ikambembeleza, ikachoka. Pélagie, ambaye ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya hiyo, alimwomba kuliko wote. Bonheur hakumpigia hata wimbo mmoja. Na leo mwanamume huyo huyo anatabasamia masufuria kwa sababu ya wapiga muziki wa Tokyo!

Aliyemletea Wajapani hao aliitwa Jasmin. Ni dereva mwenzake wa kike, amezaliwa Stockholm na wazazi wa Tanga, na nyumbani kwake Rissne ana santuri ukuta mzima. Kila Jumamosi alasiri watu wachache hukusanyika kwake kusikiliza. Bonheur alieleza hayo waziwazi, na uwazi wenyewe ndio ulimtia Pélagie shaka.

"Munaongeaka nini kule?" alimuuliza.

"Hatuongee. Ni sharti. Jasmin anasema kule Japani kuko mikahawa ya namna hiyo, watu wanaingia, wanasikiliza santuri, hakuna kuongea."

Hawaongei! Mwanamume na mwanamke wasioongea, Pélagie alijiuliza, hufanya nini basi? Alimlalamikia binti yao Asifiwe, na Asifiwe, bila kuinua macho kwenye simu, akamjibu kwa Kiswidi kwamba huo ni muziki tu. Muziki tu! Mama mtu alitongozwa kwa gita. Alijua vizuri muziki tu unaweza kumfikisha mtu wapi.

Jumamosi moja alimfuata. Alivaa kitenge chake cha harusi, akabeba mikate ya mafuta aliyoikaanga mwenyewe na kuifunga kwa karatasi ya alumini, maana hata kwa adui mtu haendi mikono mitupu. Jasmin mwenyewe alifungua mlango, mwembamba, mrembo, umri kama miaka thelathini.

"Shikamoo, mama. Karibu sana."

Pélagie alijua kuwa Watanzania husalimiana hivyo kwa heshima. Lakini kwao Butembo, alikozaliwa, haisemwi, na kwa wakati ule alisikia kitu kimoja tu: ameitwa bibi kizee na msichana anayekaa na mumewe. Akaitikia marahaba kwa meno.

Ndani palikuwa na watu watano wameketi wakizielekea spika mbili kubwa. Bonheur alishtuka kumwona, lakini santuri ilikuwa inazunguka, na sharti ni sharti. Akamsogezea kiti tu. Kwenye santuri hiyo, msichana fulani wa Tokyo wa siku hizi alikuwa amerekodi mvua juu ya bati, akaivuta, akaivuruga. Pélagie alikulia chini ya mvua ya bati na hakuna aliyewahi kumwita msanii. Alipoiweka mikate mapajani, karatasi ikalia kwa-kwa-kwa, na Mswidi mmoja mwenye ndevu aliyefumba macho akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani imo kwenye santuri.

Jasmin akabadilisha santuri. Sasa ikaja jazi ya miaka ya sabini, na saksafoni ikaanza kupanda, ikapanda, ikasimama juu kabisa pale ambapo kanisani kwao mwimbaji hawezi kuachwa peke yake.

"Amina!" Pélagie akapaza sauti.

Wote wakageuka. Alitamani sakafu immeze. Si kwa sababu ya kuvunja sharti, hapana; ni kwa sababu ametoa Amina yake, na ya kweli, nyumbani kwa mwanamke huyu. Jasmin aliweka kidole mdomoni akitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa zuri, jambo lililozidi kumuudhi.

Santuri ya tatu, ya Mjapani wa miaka hiyohiyo, ilikuwa ya gita, gita la kichaa, lililolia na kuvunjika na kurudi. Pélagie akamtazama mumewe. Bonheur alikuwa analia. Machozi yanamshuka na hata hayapangusi. Mtu ambaye hakulia kwenye matanga ya Israël, ambaye Pélagie alikuwa amemngojea alie kwa miaka, ili amshike kichwa, ili awe na kazi ya mke! Na Jasmin hakuwa hata anamwangalia. Alikuwa anasoma jalada la santuri. Hapo Pélagie akajua kwamba Jasmin si kitu. Jasmin, Pélagie angeweza kumtukana. Mjapani wa miaka hamsini iliyopita angemtukana vipi?

Kwenye treni ya kurudi alishindwa kunyamaza.

"Ulikuwa nalia juu ya Israël?"

Bonheur alitikisa kichwa. "Hapana, Mama Asifiwe. Nililia juu ni mara ya kwanza sikumukumbuka. Upande muzima ya santuri. Sikukumbuka vita, sikukumbuka kitu."

"Na miye? Ulinikumbuka?"

Angeweza kudanganya. Mke wake alimpa nafasi yote ya kudanganya.

"Hata weye," akasema.

Iliuma. Iliuma kuliko kama angemtaja mwanamke. Pélagie akatazama nje kwenye giza la handaki, kisha akamgeukia.

"Basi Jumamosi nitarudia kule. Na miye nataka fasi yangu ambayo weye hauko."

Jumamosi walikwenda pamoja. Jasmin alimwekea kiti kando ya mumewe. Pélagie akakibeba hadi mbele, ubavuni mwa spika, akafumba macho. Mwanzoni alikuwa anajikaza tu, kwa ukaidi. Lakini lile gita halikujali ukaidi wake. Lilimchukua na kumpeleka mahali ambapo hapakuwa na mzee wa kuogesha, wala kwaya, wala mume, na huko akajikuta anacheka peke yake, kimyakimya, kama msichana. Alipofumbua macho santuri ilikuwa imekwisha na Bonheur alikuwa anamkodolea macho. Hakuwa na uso wa mtu aliyesikia hata nota moja.

Treni haikuwa imetoka Rissne Bonheur alipoanza.

"Mama Asifiwe, ulikuwa nacheka na nani?"

Pélagie alimtazama, akamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Alimwacha na swali lake hadi Vårby gård, na hata huko hakumjibu.