Kwaya, Nyota na Kaka Yake Shangazi

Alikuwa mkunga wa zahanati yetu ya mlimani mpaka alipostaafu, na kwa kuwa nusu yetu tulizaliwa mikononi mwake, hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Alikuwa Shangazi. Hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo, wakicheka kidogo, lakini walimwita.

Alipostaafu tulidhani atakaa nyumbani achambue mboga na kupokea wageni. Mwezi haukuisha akawa amekwenda kwa mwenyekiti wa kamati kudai ufunguo wa ukumbi. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la viazi: kuta nene za mawe, dari ya mbao, na pembeni jiko kubwa la chuma la kuni. Miezi ya joto ulikuwa na kazi zake, harusi, mikutano na mazoezi ya kwaya. Baridi ikiingia, ukungu ukashuka mpaka vizingitini na majani yakawa meupe kwa jalidi, ulifungwa. Kila nyumba ilijifungia na moto wake. Tulionana tena majira yakigeuka, tumenenepa na tumenuniana kwa mambo ambayo hakuna aliyeyakumbuka vizuri.

Shangazi aliuona huo ni upuuzi mtupu. Aliiambia kamati kwamba msimu huu kutakuwa na tamasha la muziki kila mwezi, Jumapili mchana, ili watu wafike makwao kabla ukungu haujaziba njia. Mwenyekiti akamuuliza nani atauacha moto wake kuja kusikiliza kwaya anayoisikia mwaka mzima.

"Watakuja," Shangazi alijibu. "Moto tutauwasha hukohuko."

Watu wakaja. Mimi naimba sauti ya pili, kwa hiyo nilikuwa jukwaani, na niliwaona wakiingia wamejifunga mablanketi, wakisukumana kugombea mabenchi ya karibu na jiko. Fundi baiskeli alipiga kodiani. Muuza mikate aliimba peke yake beti mbili akasahau wa tatu, akaurudia wa kwanza bila aibu, na ukumbi ukamsaidia. Lakini waliotubeba walikuwa besi, na mkuu wa besi alikuwa kaka yake Shangazi, seremala. Mzee huyo anapoishusha sauti, unaisikia kwanza kwenye ubao ulioukalia, ndipo inafika sikioni.

Kasoro ilikuwa moja. Katikati ya tamasha kwaya lazima ipumzike, na watu wakiachwa wapige soga, wengine huteleza mlangoni wakaenda zao. Shangazi akaamua mapumziko yajazwe na maongezi ya kitu kipya, kitu ambacho mtu hawezi kukisikia jikoni kwake. Na mzungumzaji alikuwa keshampata moyoni, yaani binti wa kaka yake.

Binti huyo alikulia kwenye karakana ya baba yake. Alijua kupiga randa kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe, na seremala aliwaambia watu wazi kwamba karakana itakuwa ya bintiye. Kisha binti akaenda chuo, akasomea nyota, akapata kazi mbali, kwenye kituo chenye darubini kubwa. Baba alimwambia kwamba nyota hazijawahi kumwekea mtu mlango. Binti akamjibu kwamba mlango nao haujawahi kumwambia mtu dunia imetoka wapi. Damu moja, vichwa vigumu viwili. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa Shangazi, kama vifurushi.

Shangazi alimwalika bila kumwambia kaka yake. Wifi yake, mke wa seremala, alimwonya kwamba anachokoza nyuki. Shangazi akamwambia kwamba akisema, kaka atakataa; asiposema, kaka atakasirika; na kati ya hayo mawili ni hasira peke yake inayopoa.

Seremala aliipata habari kwenye tangazo lililobandikwa nje ya duka la mikate. Alikuja moja kwa moja ukumbini, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi. Sisi tulikuwa tunafanya mazoezi. Shangazi alikuwa anazoa majivu.

"Dada, umenitegea mtego," alisema.

"Sijakutegea mtego. Nimekuwekea kiti."

"Basi kikalie wewe."

Akatoka. Besi wote wakamfuata, maana nusu ni wanafunzi wake wa useremala na waliobaki ni mashemeji.

Mwalimu wa kwaya, mtu mpole asiyependa makelele nje ya muziki, alishauri maongezi yaahirishwe mpaka mambo yatulie. Shangazi alisimama na koleo lake la majivu, akaangalia ile safu tupu ya nyuma.

"Besi ni watu wazima, watarudi kwa miguu yao," alisema mwishowe. "Yule mtoto nikimwambia leo asije, hatakuja tena."

Jumapili tuliimba bila besi, na nisiwafiche, tulikuwa kama nyumba isiyo na msingi. Kisha binti akasimama, kavaa sweta pana la mama yake, nyuma yake shuka jeupe la kuoneshea picha. Alieleza kwamba huko angani hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haina pa kupita. Kwaya ikipelekwa huko ingefungua vinywa na asisikike mtu. Muuza mikate akasema kwa leo, bila besi, safari tumeshaianza. Watu wakacheka mpaka wapole wakacheka, na binti akacheka nao. Baada ya hapo alikuwa wetu. Alipotuonesha wingu la vumbi ambamo nyota huzaliwa, Shangazi akataka kujua uchungu wake huchukua muda gani. Binti akasema mamilioni ya miaka. Shangazi akatikisa kichwa akasema pole yake.

Seremala hakuja. Tuliambiwa alishinda karakanani akinoa vifaa ambavyo tayari vilikuwa vikali.

Mwezi uliofuata binti alirudi. Siku hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio, na katikati ya maongezi moto ukaanza kufifia. Kuni za ukumbi zilikuwa mabaki ya mbao kutoka kwa seremala. Alikuwa ameahidi kabla ya ugomvi, na yeye neno lake ni neno. Mlango ukafunguka, akaingia na toroli lake. Bila shaka alikusudia kumwaga mzigo na kuondoka. Ila mtu wa kazi hawezi kuuacha moto unakufa mbele yake. Akapiga goti, akaupanga moto upya, mgongo ametupa sisi.

Binti alipomwona, sentensi ilimkatikia. Akanywa maji, akaiokota, akaendelea. Alikuwa anaeleza habari za darubini ya kazini kwake. Moto ulishawaka vizuri, lakini seremala alibaki pale amechutama, akisukuma kipande kimoja cha ubao ambacho hakikuhitaji kusukumwa.

Ukafika wakati wa maswali. La kwanza likatoka pale penye jiko.

"Hiyo darubini, imesimama juu ya nini?"

Hakuna aliyegeuka. Binti alivuta pumzi.

"Juu ya nguzo yake peke yake, baba. Nguzo haigusani na sakafu wala ukuta wa jengo. Ingegusa, mtu akitembea tu humo ndani, picha ingetikisika. Siku ya kwanza niliyoiona nilikukumbuka wewe, ulivyokuwa unanikataza kusogeza benchi la kazi likaegemea ukuta."

Seremala alifikiri.

"Na nguzo imeishia wapi?"

"Kwenye mwamba. Wamechimba mpaka wakaukuta."

"Hapo sawa," alisema. "Hapo wamefanya kazi."

Akainuka, akajipangusa magoti, na badala ya kulielekea toroli akapanda jukwaani, akasimama mahali pake nyuma. Besi waliokuwa wamekaa kama watazamaji wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja wakamfuata. Mwalimu wa kwaya akainua mikono. Mimi nusura nichelewe kuingia, kwa kuwa nilikuwa namwangalia Shangazi. Alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa kona ya kitenge, anaipangusa tena.

Msiniulize kama baba na binti walikumbatiana. Kesho yake walikuwa karakanani wakigombana. Binti alileta darubini ndogo ya ukumbi, na wakaitengenezea stendi ya mbao ngumu, wakibishana kila kiungo, mpaka mama mtu akatishia kuwapakulia chakula katika nyumba mbili tofauti. Stendi ilisimama imara. Jioni za baridi, ukungu ukiwa chini bondeni na anga safi juu, watu hupanga mstari uani kuutazama mwezi na makovu yake, na pete za sayari ya Zohali.

Sasa kwaya za ng'ambo ya bonde huomba nafasi mapema, na wataalamu wa anga huja bila kuitwa mara mbili. Shangazi hukaa benchi la mbele, shali mabegani, ufunguo shingoni. Mwaka huu alikuja profesa mmoja aliyependa sauti yake mwenyewe, akapitiliza muda wa kwaya. Shangazi hakumkatiza. Alimwacha amalizie hoja yake, akasimama, akamshukuru kwa dhati, akampa kikombe cha chai. Na mkono wake mwingine ukawa tayari unamwashiria mwalimu wa kwaya atupange.