Mafungu Kumi na Mawili ya Demissew

Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi ya Pasaka, Demissew ndiye aliyegawa nyama ya mtaa wao pale Debre Birhan. Nyumba kumi na mbili zilinunua maksai mmoja, akachinjwa uani kwake, naye akatandaza matawi ya mkalitusi na kupanga mafungu kumi na mawili. Alikuwa mfumaji mstaafu wa mablanketi, mtu wa kupenda vitu vilivyolingana. Ini alilikata vipande kumi na viwili, nundu vivyo hivyo, hata ulimi. Kisha kila nyumba ilitoa kitu kidogo, kifungo au punje ya dengu, na mtu asiyejua kipi ni cha nani akaviweka kimoja kimoja juu ya mafungu. Kilipoangukia kitu chako, hilo ndilo fungu lako. Hakuna aliyewahi kunung'unika, na Demissew alitembea kifua mbele kwa ajili hiyo.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya sikukuu, Selamneh seremala alikuja kumwambia kwamba nyumba nne zinataka kujitoa. Zingenunua buchani, ambako mtu huchagua anachokipenda.

"Kaka Demissew, mke wangu anataka mnofu wa kula mbichi," alisema. "Wewe unanipa kipande cha kwato. Nikifanyie nini, nikipige randa?"

Nyumba nane zisingemmudu maksai. Demissew alimfikiria Mama Yeshimebet, mjane wa nyumba ya mwisho, ambaye fungu lake, likikaushwa juu ya jiko, lilimfikisha hadi mvua za Julai. Bei ya buchani asingeiweza.

Akawaita wote kwake kunywa kahawa. Kila mmoja aliombwa aseme anachotaka, na watu tisa wakataka nundu.

"Basi tununue ngamia," alisema Mama Yeshimebet.

Walicheka, halafu wakarudi kubishana. Selamneh hakulegea. Demissew naye alishikilia kwamba haki ni kila mtu kupata sawa na mwenzake. Walikuwa kwenye kikombe cha tatu mjane aliposema tena, taratibu: kura ipigwe kama kawaida, lakini asiondoke mtu na fungu lake kabla ya kukaa na kubadilishana mbele ya wote. Ini lisigawanywe, liliwe palepale na kila mtu.

Demissew aliumia. Mizani yake ya miaka yote ingevurugwa kwa dakika chache. Lakini alipomtazama mama yule akikung'uta kikombe apate tone la mwisho, alikubali.

Asubuhi ya Pasaka alipanga mafungu yake yakalingana kama nyuzi. Kura ikapigwa, kisha vurugu ikaanza. Selamneh alimpa Mama Yeshimebet mifupa yote yenye uboho, kwato na mbavu mbili, akachukua mnofu wake wa paja. Mwingine alitoa ulimi akapata mkia. Kapu la mjane lilijaa hadi likakataa kufungwa. Mafungu yakawa makubwa kwa madogo, na Demissew alijizuia asiinuke kuyasawazisha. Alipoinua macho aone nani amekasirika, hakumwona hata mmoja.

"Na wewe, mwanangu, hujabadilisha kitu," alisema Mama Yeshimebet. "Unapenda nini?"

Alitaka kujibu kwamba anapenda vyote. Hicho ndicho alichokuwa akisema siku zote, maana mgawaji hapaswi kuonyesha upande.

"Matumbo siyapendi," alisema hatimaye. "Sijawahi kuyapenda."

Mkewe, Aselefech, aliiweka chini sahani ya ini. "Miaka kumi na tisa ninayaosha kwa maji ya baridi," alisema, "nikidhani ndiyo roho yako."

Uani watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Demissew aliyasogeza matumbo kuelekea kapu la mjane, naye mjane akampa kipande cha nundu.

Selamneh, mdomo umejaa ini, aliuliza kama kwa sikukuu ya Msalaba, mwezi wa Septemba, wangeweza wote kwenda mnadani mapema zaidi, kabla maksai wanene hawajaisha.