Kitabu cha Kishamba kutoka Ufini

Mwenzangu wa kazini aliponipa riwaya ya zamani ya Ufini, tafsiri ya Kiarabu, nilimuuliza nimemkosea nini. Wakulima, viazi, theluji, ng'ombe. Mie na ushamba wapi na wapi? Kikakaa juu ya friji mwaka mzima, kazi yangu kukipangusa vumbi tu.

Kwetu neno shamba lilikuwa tusi. Mama alitwambia yeye mzaliwa wa mjini, Unguja, na tukila ovyo akitupiga vidoleni: "Msile kishamba." Kijana niliyempenda alipoleta posa, mwana wa Wapemba waliokuwa wakikaa mtaa wa nyuma hapa hapa Ruwi, jijini Maskati, mama akakataa katakata. "Watu wa shamba wale." Tuko Uarabuni, sote tuna kazi za serikali, na bado shamba! Nikamtii. Yeye akaoa kwengine, mie nikabaki na mama.

Mwaka huu macho yake yakafifia, akataka kusomewa. Nikakitwaa kile kitabu kwa kukosa kingine, nikawa nakigeuza Kiswahili papo hapo. Nilidhani tutalala sote wawili. Wallahi kilinishika. Wale watu wakinuniana mezani kama sisi, wakiogopa majirani watasema nini kama sisi. Nikawa nikitoka kazini sipiti popote, mbio nyumbani.

Tukafika pahala ng'ombe kafiwa na ndama wake, maziwa kayazuia. Nikatua ninywe maji.

"Wamwekee ngozi ya mwanawe mbele, waitie chumvi," mama akasema. "Atailamba, atatoa." Na vidole vyake vinakamua, juu ya shuka.

"Umejuaje, mama?"

"Nlikuwa nkikamua kila alfajiri, Pemba, kabla sijaolewa mjini. Baba yangu alikuwa na ng'ombe."

Alisema kama anayenitajia bei ya vitunguu. Hasira zikanipanda. Huyu ndiye niliyemtii, na huyu ndiye aliyenisaliti. Nikamuuliza, na yule uliyenikatalia?

"Nnajua mavi ya ng'ombe yananuka vipi, mwanangu. Sikutaka urudi kule."

Kule wapi? Yule mtu alikuwa akikaa ghorofa ya pili, ana kiyoyozi.

Kisha akaniomba niendelee, ajue yule ng'ombe kama alitoa maziwa. Nikakifunga kitabu. Nilikimaliza peke yangu chumbani, kizuri mno, na mpaka leo mama akiniuliza kiliishaje, namwambia nimesahau.